Kisu cha Ghati, Mshahara wa Magesa

Tulimzika Ghati pale Mkolani, na nilikuwa nimejiapiza kwamba siku hiyo nitalia kama watu wengine wanavyolia, nitakula chakula cha msiba, kisha nitarudi kwangu Ilemela bila kugombana na mtu. Nililia vizuri tu mpaka kijana mmoja mwenye suti, mpwa wa mfiwa, aliposimama na kipaza sauti kusoma wasifu wa marehemu. Akasoma alikozaliwa, akasoma alikobatizwa, akataja watoto na wajukuu, kisha akafika kwenye kazi. Akasema marehemu alikuwa mke mwema, aliyemsaidia mume wake miaka yote ambayo mume wake alikuwa mkata minofu hodari katika kiwanda cha samaki. Mume mwenyewe, Magesa, alikuwa kiti cha mbele, mzee nadhifu, leso nyeupe mkononi, akawa anatikisa kichwa polepole kama mtu anayepewa pongezi ambazo hakuziomba. Machozi yangu yalikauka pale pale. Nikainuka, nikapita katikati ya viti, nikaenda nyuma ya nyumba kukaa na kina mama waliokuwa wanachambua mchele, maana niliona nikizidi kumtazama yule mtu nitatapika mbele ya mchungaji. Magesa hajawahi kukata mnofu hata mmoja maishani mwake. Nalijua hilo kwa sababu mwaka mzima nilikaa naye ukuta kwa ukuta, na kisu kilichomlisha kilikuwa mkononi mwa huyo tuliyekuwa tunamfukia.

Ukitaka kujua nilizaliwa na nani na nilisoma mpaka darasa la ngapi, kamuulize mtu mwingine. Mimi nina mwaka mmoja tu wa kusimulia na unanitosha. Ulikuwa katika ile miaka ya tisini ambayo kila kitu kilikuwa ruksa. Ruksa mitumba, ruksa soda za kopo, ruksa kiwanda cha serikali kufungwa na watu wazima kurudishwa nyumbani na barua ya shukrani, ruksa tajiri kufungua kiwanda ufukweni na kununua sangara wote wa ziwa. Nilikuwa sijafikisha miaka ishirini. Nilipanga chumba Igogo, hapa Mwanza, pamoja na Ghati, ambaye tulikutana kwenye foleni ya vibarua getini, akiwa amenizidi miaka michache na akili nyingi. Chumba chetu kiliegemea jiwe kubwa la mlima, na mvua ikinyesha lile jiwe lilitoa jasho kwa ndani, tukawa tunasogeza magodoro katikati. Dari haikuwepo. Kuta zilipanda mpaka mahali ambapo mtu mrefu anafikia akiinua mkono, kutoka hapo ni uwazi mtupu mpaka kwenye bati, kwa hiyo wapangaji wote tulikuwa kama watu wa chumba kimoja: ukikohoa, unapewa pole na mtu usiyemwona. Chumba cha upande wa pili ndicho alichokaa Magesa. Alikuwa amepunguzwa kazi katika kiwanda cha nguo, na kusema kweli hakuna mpangaji aliyemshinda kwa adabu. Kila asubuhi alinyoosha suruali yake kwa pasi ya mkaa, akaivaa, akaenda barazani kucheza drafti na kusoma gazeti la juzi. Hakulewa, hakutukana, hakugonga mlango wa mtu usiku. Ningependa kukuambia alikuwa mlevi, ingekuwa rahisi zaidi, lakini tulimpenda na tulikuwa tunampa chakula.

Ghati alikuwa na jambo moja tu moyoni, na alilitaja kila jioni wakati anasonga ugali, kama wengine wanavyosali. Alikuwa na binti, Rhobi, mtoto wa miaka kama mitano, aliyebaki kwa baba yake huko Mara. Huyo baba, Marwa, alikuwa amempiga Ghati mpaka akakimbia, na siku anakimbia shemeji yake alimkuta stendi akamchomoa mtoto mgongoni. Kwa mila ya kwao, mpaka ng'ombe za mahari alizotolewa zirudi, Ghati alikuwa bado mke wa Marwa hata angekaa Mwanza mpaka azeeke, na mtoto alikuwa wa boma lile. Zikirudi, ndoa imekwisha, na wazee walikuwa wamekubali kwamba kwa kuwa Marwa ameshaoa mke mwingine asiyemtaka yule mtoto, Ghati ataruhusiwa kuondoka naye. Kaka zake walikuwa wamesharudisha baadhi. Zilibaki chache, na hizo kaka zake walishindwa, au walichoka, mimi sijui. Ghati akaamua atazinunua mwenyewe. Alikuwa anakula kidogo, ananenepesha akiba, na nguo alikuwa nazo mbili. Usiku mwingine, nikigeuka kitandani, nilimsikia anahesabu kwa sauti ya chini rangi za ng'ombe atakazochagua.

Sasa nikupeleke kiwandani. Kulikuwa na meza mbili, na tulivyokuwa tunaambiwa ungedhani Mungu ndiye aliyezipanga. Meza ya visu ilikuwa ya wanaume. Walimlaza sangara, wakaingiza ncha ya kisu kirefu nyuma ya shavu, wakateremka na uti wa mgongo mpaka mkiani, mnofu ukatoka mzima. Meza ya usafi ilikuwa yetu wanawake. Tulipokea ule mnofu tukautoa mafuta na miiba kwa visu vifupi kama vya kumenyea viazi. Tulisimama wote kwenye maji yale yale ya barafu, tukavaa mabuti yale yale yaliyopasuka, tukaingia asubuhi pamoja na kutoka mzigo ukiisha. Lakini wao walipokea mshahara na sisi tulipokea posho, na hiyo posho ukiiweka mara tatu haikufikia mshahara wa mmoja wao. Wakubwa waliiita hela ya sabuni, na waliiita hivyo tukiwepo. Halafu kila Ijumaa kila mwanamke alipewa ndoo ya mapanki, yaani kichwa, mgongo na mkia, mifupa inayobaki mnofu ukishaondoka kwenda kuliwa na watu tusiowajua. Tuliyabeba kichwani mpaka Igogo, maji yake yakitutiririkia shingoni, tukayakaanga na kuyauza kwa majirani. Na mwanamke akithubutu kulalamika kuhusu posho, jibu lilikuwa tayari mdomoni mwa kila msimamizi: kwani mapanki hukupewa? Mpaka leo nikipita mahali panakaangwa mapanki navuka barabara. Watu wanadhani ni harufu.

Katikati ya mwaka ikasikika kwamba dhahabu imeonekana upande wa Geita, na vijana wa meza ya visu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wengine bila hata kurudisha mabuti. Malori ya samaki yalikuwa yanaingia kama kawaida, barafu inayeyuka, na hakuna wa kukata. Msimamizi wetu, Masatu, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, akaja meza ya usafi akauliza nani anaweza kisu kirefu. Wenzangu wakatazamana. Ghati akaweka chini kile kisu chake cha viazi, akaenda akachukua kirefu, akakinoa kwanza, akamlaza sangara ambaye alimzidi kimo mtoto wa shule, na alipomaliza ule mgongo ulikuwa hauna nyama hata ya kumlisha paka. Masatu akasema, haya, chagua wenzako. Akatuchagua, na mimi nikiwemo, na baada ya wiki chache meza ya visu ilikuwa ya wanawake watupu isipokuwa wazee wawili walioogopa mashimo ya dhahabu. Wazee wale walikata polepole kuliko sisi, walikaa chini kila walipotaka, na mwisho wa mwezi wakaenda dirishani kuchukua mshahara. Sisi tukaitwa pembeni. Masatu akatutangazia kwamba uongozi umeona juhudi zetu na umeamua kutuongeza. Tukasogea kusikiliza. Akasema kuanzia sasa kila mwanamke wa meza ya visu atapata ndoo mbili za mapanki badala ya moja.

Na sisi tukapiga vigelegele. Hapo ndipo ninapoona aibu kuliko mahali pengine popote, kwa sababu tulifurahi kweli, tulipeana mikono. Ndoo mbili! Tulizibeba ya kwanza kichwani na ya pili mkononi, tukipumzika kila baada ya nyumba kadhaa, tukiimba. Wiki ya tatu Igogo nzima ilikuwa imejaa mapanki, kila kibaraza kina karai, na aliyekuwa anauza kwa bei fulani akawa anauza kwa nusu, kisha kwa robo, kisha anamwomba jirani ayachukue bure kabla hayajaoza. Yaani kadiri tulivyokata samaki wengi ndivyo malipo yetu yalivyopoteza thamani, na tuliyashusha wenyewe kwa mikono yetu. Mama mmoja wa chumba cha mwisho alifukia ndoo nzima nyuma ya choo, na mbwa wakaifukua. Harufu ile iliingia juu ya kuta zetu fupi ikakaa nasi wiki nzima. Ghati alikaa kitandani akanitazama akasema, "Milembe, hawa watu wanatulipa mifupa."

Kesho yake akaenda ofisini. Mimi nilisimama mlangoni kama shahidi, kwa hiyo haya sikuhadithiwa. Meneja hakuwa mtu mkali. Alimkaribisha, hata akamwonyesha kiti. Ghati hakukaa, kwa sababu aproni yake ilikuwa na damu ya samaki na kiti kilikuwa cha kitambaa. Akasema kwamba anafanya kazi ya kisu na anaomba mshahara wa kisu. Meneja akatabasamu, akamweleza kwa upole, kama unavyomweleza mtoto kwa nini hawezi kupewa chai ya rangi usiku.

"Mshahara ule ni wa mwanamume kwa sababu mwanamume ana majukumu," akasema. "Ana watu anaowalisha. Wewe nani anakulisha?"

"Najilisha mwenyewe. Na mtoto wangu."

"Unaona sasa," meneja akasema. "Huna majukumu ya mtu. Unajitegemea."

Nimekuwa nikilitafakari jibu hilo kwa miaka yote hii na bado sijapata mlango wa kuliingilia. Ukilishwa na mwanamume, hustahili mshahara kwa sababu unalishwa. Usipolishwa na mwanamume, hustahili kwa sababu unajitegemea. Juzijuzi mkwe wangu, mwalimu wa shule ya binafsi, alinieleza kwamba mwenzake wa kiume, mwenye vipindi sawa na vyake na cheti sawa na chake, anapokea zaidi, na alipouliza akaambiwa yule ana majukumu. Neno lile lile, limepigwa pasi tu. Niliacha chai yangu mezani nikaenda nje kumwagilia maua yaliyokuwa yameshamwagiliwa.

Ghati hakulia wala hakutukana. Alirudi kiwandani, akarudisha kisu kirefu kwenye sanduku, akaenda kusimama meza ya usafi na kile kisu chake cha viazi. Mmoja mmoja tukamfuata. Samaki wakalala mezani macho wazi. Masatu alikuja akatuchombeza, akatutisha, akatuchombeza tena, na mchana, barafu ilipoanza kuwa maji, akamwita Ghati pembeni. Akamwambia kwamba yeye hawezi kubadilisha utaratibu wa ofisi: mshahara wa kisu unaandikwa jina la mwanamume, basi. Lakini ofisi ikishaandika jina, haishuki huku chini kuangalia nani ameshika kisu. Alete jina la mwanamume yeyote aliye hai, kadi itatoka, Ghati atakata, mwezi ukiisha yule mwanamume atakuja dirishani kupokea. Yeye Masatu akumbukwe kwa soda tu. Sisi wengine akatuahidi ataona baadaye, tukarudi mezani, na hakuona.

Jioni hiyo tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Tulidhani tumewapata. Tulidhani ule ni ujanja wetu, kwamba tumeingia kwa mlango wa nyuma kwenye hazina yao, na kwamba jina ni kitu cha kuazima kama kinu. Mwanamume gani, sasa? Kaka zake walikuwa mbali. Kwenye nyumba ile kulikuwa na mmoja tu asiye na kazi na mwenye suruali iliyonyooka. Ghati aliongea juu ya ukuta, bila hata kutoka chumbani: "Baba Magesa, shikamoo, njoo ule." Shikamoo ilikuwa utani, hawakuwa wamepishana sana kwa umri. Akaja, akanawa, akala, akasikiliza. Akafikiri kidogo huku akichambua mfupa. Akasema kwa kweli yeye hapendi mambo ya udanganyifu, lakini kwa ajili ya yule mtoto aliyeko Mara atakubali. Tukamshukuru. Nilimwongezea ugali kwa mkono wangu mwenyewe.

Kadi ikatoka, haina picha, jina tu. Mwezi ulipoisha Magesa alipiga pasi shati pamoja na suruali, akatembea mpaka kiwandani, akapanga foleni na wale wazee wawili. Sisi tulimwona kupitia mlango wa chumba cha barafu, Ghati akiwa ameinama juu ya sangara, mikono imekufa ganzi, chale za miiba zimevimba kwenye vidole. Karani aliita jina, Magesa akaitika, akasaini. Mwezi wa kwanza alimletea Ghati fedha zote, akaziweka juu ya meza kwa mikono miwili, akakataa hata soda. Mwezi wa pili alikubali soda. Mwezi wa tatu akasema zikikaa chumbani kwa wanawake zitaibiwa, yeye ana sanduku lenye kufuli, na Ghati akaona ni kweli, maana dari hakuna na sisi tunashinda kazini. Tuliongea hivyo kwa utulivu kabisa, watu watatu wenye akili timamu, tunakula.

Katika siku hizo Magesa akawa hodari wa kuuliza. Tukikaa kula, alitaka kujua kila kitu: kisu kinaingilia wapi, sangara wa kilindini anatofautianaje na wa pwani, mkono unashikaje ili usikatike. Ghati alifurahi, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumuuliza kuhusu kazi yake, na aliipenda kazi ile. Alimweleza kwa kirefu, akamwonyesha kwa mwiko juu ya ugali. Nilifikiri, huyu mwanamume ana heshima, anataka kujua mwenzake anavyoteseka. Halafu Jumapili moja akapata wageni, rafiki zake wa zamani wa kiwanda cha nguo, na sisi tulikuwa tumejilaza upande wetu wa ukuta. Tukasikia soda zinafunguliwa. Mmoja akamuuliza siku hizi anafanya nini.

"Nipo kwenye samaki," sauti ya Magesa ikasema. "Meza ya visu. Sangara mkubwa si mchezo, bwana. Unaanza nyuma ya shavu. Ukikosea pale, umeharibu mali ya watu."

Yalikuwa maneno ya Ghati, hata vituo vyake. Ghati aliziba mdomo kwa kanga akacheka, na mimi nikacheka naye. Lakini yule bwana hakuacha. Akaeleza kuhusu barafu, akaeleza vidole vinavyokufa ganzi, akaeleza jinsi mwili unavyonuka hata ukioga mara mbili, na rafiki zake wakampa pole, wakampa pole kweli, mmoja akasema mwanamume ni kuvumilia. Ghati aliacha kucheka. Aliinua mikono yake akaitazama upande wa juu na upande wa chini, kisha akageukia kwenye jiwe akavuta shuka. Tungeweza kuongea juu ya ukuta tukamuumbua. Hatukuongea, kwa sababu kadi ilikuwa na jina lake na fedha zilikuwa kwenye sanduku lake.

Ng'ombe zilipokaribia kutimia, kaka mkubwa wa Ghati akaja kutoka Mara na habari. Tulimpikia sato, samaki wa heshima, na alikula wote kabla ya kusema. Akasema wazee wa upande wa Marwa wamesikia kwamba Ghati ananunua ng'ombe kwa fedha zake, na wamekaa kikao, na wamekataa. Sababu yao ilikuwa hii: Ghati bado ni mke wa Marwa. Mali anayochuma mwanamke aliyeolewa ni mali ya mumewe. Sasa utamlipaje mtu kwa ng'ombe wake mwenyewe? Akija nazo, watazipokea kama zimerudi nyumbani, watashukuru, na mtoto atabaki. Ng'ombe za kuvunja ndoa lazima zitoke kwa kaka zake, na hao wameshasema hawana, au kwa mwanamume mwingine, anayeoa. Kaka mtu alilisema hilo bila hasira yoyote, huku akijichokonoa meno, na nilipomuuliza yeye kama kaka anaonaje, akasema kwamba wazee wana hoja. Nikatoka nje nikatema mate. Kiwandani walikuwa wamesema fedha haiwezi kuwa yake kwa sababu hana mume, na kwao wakasema haiwezi kuwa yake kwa sababu anaye.

Niliporudi ndani kaka mtu alikuwa ananawa mikono. Halafu juu ya ukuta ikaja ile sauti ya upole, sauti ya mtu aliyesikia kila neno tangu mwanzo na kusubiri watu wamalize kula. "Kama anatakiwa mwanamume tu," Magesa akasema, "mimi si nipo?"

Ghati alifikiri siku nzima. Nilimwambia asikubali. Nilimwambia tutafute njia nyingine, twende kwa wakili, twende kwa mchungaji, twende ustawi wa jamii, tukamwibe mtoto hata mchana. Nilisema mengi, nilikuwa mdogo, sikuwa na mtoto. Aliniacha niseme mpaka nikachoka. Kisha akaniuliza kama najua Rhobi ana jino la mbele au limeshang'oka. Sikujua. Akasema na yeye hajui. Hakuliongelea tena.

Tulikwenda Mara mwisho wa mwaka, mimi nikiwa kama mdogo wake. Magesa alitangulia mnadani kununua ng'ombe za mwisho, na tulipofika bomani tukamkuta ameshakaa kwenye kiti pamoja na wanaume, koti limenyooka, fimbo ya kuchungia mkononi, fimbo mpya ambayo haikuwa na hata alama ya tope. Sisi tulikaa chini, karibu na ghala. Marwa alikuwepo, mtu mnene, ametazama pembeni muda wote. Rhobi alisimama mlangoni kwa bibi yake, ameshika nguzo, anatutazama. Alikuwa ameng'oka meno mawili. Ghati alimwona, nikahisi mwili wake wote umekakamaa kando yangu, lakini hakuruhusiwa kwenda mpaka maneno yaishe. Wazee walizikagua ng'ombe moja moja, wakazifungua midomo, wakashika mikia, wakabishana kuhusu ndama mmoja aliyekuwa na jicho bovu, wakamsamehe. Kisha mkubwa wao, mzee mwenye kofia ya sufi, akamwita Ghati asimame katikati. Akasema, kwa Kiswahili kwa ajili yetu wageni, kwamba jambo hili limalizike wazi ili kesho asitokee mtu wa kudai.

"Ghati, ng'ombe hizi ni za nani?"

Nilimwona anatazama zile ng'ombe. Alizijua, alikuwa amezichagua rangi zake usiku juu ya godoro lenye unyevu. Mikono yake ilikuwa imefungwa kwa vitambaa, maana wiki ile samaki walikuwa wengi na alikata mpaka siku ya safari. Angesema ni zangu, zingeingia zizini kwa Marwa na sisi tungerudi Igogo na vitambaa vyetu. Akatazama mlangoni.

"Ni za Magesa," akasema.

Mzee akasema hajasikia vizuri, upande huu wa wanaume hawakusikia. Akarudia. Wanaume wakaguna kuridhika. Kisha mzee akamgeukia Magesa, akamuuliza kama mali hii ameipata kwa njia ya halali, na Magesa akasimama, akavua kofia. Akasema ameipata kwa kisu. Akasema kazi ya samaki ni ngumu, wazee wangu, unasimama kwenye barafu mpaka vidole vinakufa. Wakamwonea huruma. Mmoja akasema, huyu ni mwanamume. Nilikuwa nimeuma kanga yangu kwa meno mpaka nikasikia ladha ya rangi, na nilikuwa namtazama Ghati nikimwomba kimoyomoyo afungue vile vitambaa, awaonyeshe tu, asiseme neno. Hakuvifungua. Mzee mwenye kofia ya sufi akamwambia kwamba sasa yuko huru na boma hili, achukue binti yake, lakini kabla ya kumchukua ampigie magoti huyu aliyemkomboa na amshukuru mbele ya watu.

Ghati akampigia Magesa magoti kwenye samadi mbichi, na kwa sauti ambayo hakuna aliyeomba airudie, akasema, "Asante, Baba Rhobi."

Na yule mwanamume, ambaye hajawahi hata kuparua magamba ya samaki wa mboga, akamwinamia akamshika bega, akamjibu kwa upole, "Usijali."